Pampu inazunguka, bwawa bado la moto

Kuanzia Mei hadi Septemba, wenye mabwawa ya kuogelea majumbani huko Oman, Maskati, Barka na Sohar, wanaimba wimbo mmoja: maji ya moto, watoto wanaingia kidogo wanatoka, wakubwa hawaingii kabisa. Dawa ya kwanza inayojaribiwa karibu kila nyumba ni kuongeza kasi ya pampu. Mara chache inasaidia. Mara nyingi kinachokimbia ni mita ya umeme tu.

Pampu haipozi maji. Inayabeba hadi mahali yanapoweza kuacha joto: kwenye mashine ya kupozea ambayo mafundi wanaiita chila, au kwenye chemchemi inayoyarusha hewani, au juu ya uso wa bwawa lenyewe usiku ukiingia. Fundi anayejua kazi yake anauliza mambo mawili kwa pamoja: kila lita iliyopita pale imeacha joto kiasi gani, na ni lita ngapi zimepita kwa saa. Ukijibu moja ukaacha la pili, utabadilisha vifaa ambavyo havina kosa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Lita 1,000 zikipita kwa saa na zikapungua nyuzi 1, zimetoa joto la kilowati 1.16. Sasa chukua bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5. Hizo ni lita 48,000, na kulishusha nyuzi 1 tu lazima uondoe joto la uniti 56 za umeme (uniti moja ni kilowati 1 kwa saa nzima). Jua la Juni, bwawa likiwa wazi bila kivuli, linaingiza zaidi ya uniti 150 kwa siku. Shika namba hizi mbili, 56 na 150, kwa sababu zinaeleza nusu ya malalamiko yote yanayofuata.

Kabla ya kugusa chochote, tafuta vipimajoto viwili, geji ya presha inayofanya kazi juu ya chujio, tangi la mchanga linalosafisha maji (geji nyingi zimekufa, sindano imeganda pale pale hata pampu ikizimwa), na pipa la lita 200. Na ukifungua pampu au chila, zima umeme kwenye swichi kuu, usitegemee kitufe cha kwenye mashine.

Chila inanguruma mchana kutwa, maji yanayorudi ni vuguvugu

"Fundi, hebu weka mkono hapa. Haya ni maji yaliyotoka kwenye chila kweli?" Swali hili linaulizwa kila msimu, mwenye nyumba ameinama ukingoni, kiganja kwenye tundu la maji yanayorudi. Jibu ni kwamba mkono hauwezi kukwambia. Chila nzima kabisa inaweza kurudisha maji yaliyopungua nyuzi 1 tu na ikawa inafanya kazi yake yote, na chila mbovu inaweza kutoa maji ya baridi kweli kweli kwa sababu yanapita kidogo kama mkojo.

Pima. Kipimajoto kimoja kwenye maji yanayoingia kwenye chila, kingine kwenye yanayotoka. Subiri chila iwe imezunguka walau robo saa. Soma, kisha vibadilishane nafasi na usome tena. Vipimajoto vya bei rahisi vinapishana hata nusu nyuzi, na hapa tunatafuta tofauti ya nyuzi 1 au 2, kwa hiyo ukikwepa hatua hii ya kubadilishana umepima kosa la kiwandani.

Kisha mtiririko. Nyumba chache zina mita ya maji kwenye bomba la bwawa, ndipo pipa linapoingia. Zima pampu, geuza mkono wa vali ya chujio hadi nafasi ya kusuuza (vali hii haigeuzwi pampu ikizunguka, utapasua mpira wa ndani), elekeza bomba la maji machafu kwenye pipa, washa pampu, hesabu sekunde. Pipa la lita 200 likijaa kwa sekunde 72, mtiririko ni lita 10,000 kwa saa. Likijaa kwa sekunde 144, ni lita 5,000. Si kipimo cha maabara, maana bomba la kumwagia halina ukinzani sawa na njia ya chila, lakini kinatosha kukwambia uko upande gani.

Tuseme kibao cha chila, kile kilichoandikwa nguvu yake ya kupoza, kinasema kilowati 12. Yanatokea mambo matatu.

Tofauti ni kubwa, nyuzi 5, na mtiririko ni mdogo, lita 1,500 kwa saa. Zidisha: 1.5 kwa 5 kwa 1.16, unapata kama kilowati 8.7. Zaidi ya robo ya nguvu ya chila imepotea. Maji yakikaa muda mrefu ndani ya kibadilisha joto, gesi inazidi kuwa baridi, presha yake inashuka, na mashine inapunguza kazi. Ikizidi, maji yanaweza kuganda ndani ya mirija, na mirija ikipasuka hapo unanunua chila nyingine. Hapa ndipo kuongeza kasi ya pampu kunaponya kweli.

Tofauti ni ndogo, nyuzi 1, na mtiririko ni mkubwa, lita 10,000. Zidisha tena: kilowati 11.6. Chila haina ugonjwa wowote! Mwenye nyumba anaona maji vuguvugu, anaita fundi wa gesi, fundi anaongeza gesi isiyohitajika, na sasa tatizo limezaliwa mahali ambapo halikuwepo. Cha kufanya ni kupunguza kasi ya pampu hadi karibu lita 5,000 kwa saa. Tofauti itapanda hadi nyuzi 2, joto linalotoka ni lile lile, ila pampu inakula umeme kidogo sana.

Tofauti ni ndogo na mtiririko nao ni mdogo. Nyuzi 1 kwa lita 5,000 ni kilowati 5.8, chini ya nusu ya kibao. Hapo mashine ndiyo inaumwa. Usianze na gesi. Anza nje: mapezi ya bati yamejaa vumbi na mchanga, feni inatupa hewa ya moto kwenye ukuta, hewa inarudi kuvutwa tena, kuna mtu amejenga kibanda cha kuificha chila isionekane na wageni. Nimeona chila iliyofungiwa kwenye kabati la mbao zuri kabisa, mlango umechongwa, na ndani kuna joto la kuoka mkate. Kumbuka pia kwamba kilowati za kwenye kibao zimepimwa kwa hali ya hewa iliyotajwa hapo hapo kwenye kibao. Hewa ikiwa ya moto zaidi, mashine inatoa pungufu. Mapezi yakiwa safi, hewa inapita, na bado hesabu iko chini, sasa mwite mtu wa gesi.

Kuna jambo la nne, nalo si tatizo la ufundi. Vipimo vyote viko sawa, kilowati 12 zinatoka, chila inafanya kazi saa 12 kwa siku, na bwawa halishuki. Saa 12 kwa kilowati 12 ni uniti 144, na jua limeleta zaidi ya 150. Chila ni ndogo kwa bwawa hilo. Hakuna vali wala kasi ya pampu itakayobadilisha hilo. Weka turubai la kivuli, ongeza saa za usiku, au kubali.

Kurekebisha mtiririko kunafanywa kwenye baipasi. Ufungaji mzuri una vali tatu: ya kuingilia kwenye chila, ya kutokea, na ya katikati inayopitisha maji pembeni bila kuigusa. Acha mbili za kwanza wazi kabisa. Cheza na ya katikati tu, robo mzunguko kwa robo, na kila ukigusa subiri dakika 10 kabla ya kusoma vipimajoto. Lenga tofauti iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Kwa chila nyingi za nyumbani ni nyuzi 1 hadi 2 au juu kidogo. Ukifika, weka alama ya wino kwenye mkono wa vali, maana mtunza bustani ataigeuza siku akitafuta koki ya mpira wa kumwagilia.

Chila inazima yenyewe na kuandika hakuna mtiririko

Fuata maji yanakotoka. Watu wanaanza na swichi ya mtiririko, ile inayoizima chila maji yasipopita, kwa kuwa ndiyo iliyolalamika, lakini mara nyingi yenyewe inasema kweli.

Anza kwenye bwawa. Wakati wa joto kali bwawa linapoteza milimita kadhaa kwa siku kwa mvuke tu, na likishuka chini ya mdomo wa skima, tundu la ukingoni linalovuta maji ya juu na majani, pampu inavuta hewa. Utaona viputo vikitoka kwenye matundu ya kurudishia maji. Kina kikiwa sawa na viputo bado vipo, kagua mfuniko wa kapu la pampu: oringi, mpira wa mviringo wa kuzibia, imekauka, au kuna jani moja la mwarobaini limebanwa pembeni. Jani moja linatosha. Safisha, paka grisi ya silikoni, funga.

Kapu la skima na kapu la pampu yakiwa yamejaa, pampu haipati maji ya kutosha na inatoa sauti ya kokoto zinazoviringika ndani ya chuma. Usiiache hivyo. Na kama kuna mtu amefunga nusu vali ya upande wa kuvuta ili "kupunguza mtiririko", ifungue yote. Pampu isiyo na kidhibiti cha kasi inabanwa upande wa kusukuma, baada ya pampu. Ukiibana koo upande wa kuvuta unaiua taratibu.

Kisha geji ya chujio. Lazima ujue inasoma ngapi mchanga ukiwa umetoka kuoshwa. Iandike kwa kalamu ya rangi ubavuni mwa tangi. Ikipanda kwa ba 0.5 hadi 0.7 (ba ni kipimo cha presha) juu ya hapo, osha mchanga kwa kurudisha maji kinyume. Hapa ndipo pampu za kasi tofauti zinapowadanganya watu: kuosha mchanga kwa kasi ya chini hakuunyanyui, unabaki umeshikana na uchafu wake, na baada ya kuosha presha iko pale pale. Kwa kuosha, weka kasi ya juu, hadi maji ya kwenye kioo cha vali yawe meupe.

Geji ikisoma chini kuliko kawaida, tatizo liko kabla ya chujio. Ikisoma juu, liko kwenye chujio au baada yake. Sentensi hizo mbili zinaokoa saa nzima ya kufungua fungua.

Yote hayo yakiwa sawa, sasa fungua swichi ya mtiririko. Pedali yake hushikwa na magamba ya chokaa. Na kama chila ilianza kuzima siku moja tu baada ya wewe kupunguza kasi ya pampu, jibu unalo mkononi: ongeza kidogo kidogo hadi isizime, kisha ongeza tena kidogo kwa ajili ya siku ambazo chujio litakuwa limechafuka.

Chemchemi inarusha maji usiku kucha, bwawa halipoi

Kurusha maji hewani ni sawa na kumimina chai kutoka kikombe hadi kikombe: sehemu ndogo inageuka mvuke, iliyobaki inapoa. Lita moja iliyogeuka mvuke inaondoka na joto la karibu uniti 0.67, kwa hiyo lita 83 hivi zinatosha kushusha lile bwawa letu nyuzi 1. Ni njia ya bei rahisi mno, mahali inapofanya kazi.

Inafanya kazi wapi? Usiulize mtu, uliza kitambaa. Funga kipande cha pamba kilicholowa kwenye ncha ya kipimajoto, kipepee kwa nguvu dakika mbili tatu, soma. Hiyo namba ndiyo sakafu. Chemchemi haiwezi kushusha maji chini ya hapo hata ukifunga pampu tatu, na kadiri maji yanavyoikaribia ndivyo kazi inavyokuwa ngumu.

Usiku wa Julai pwani ya Maskati, hewa nyuzi 34 na unyevu asilimia 70, kitambaa kinasoma kama 29. Bwawa likiwa na nyuzi 33, maji yaliyorushwa yanaweza kurudi yamepungua chini ya nyuzi 1. Chukua 0.8 kwa mtiririko wa lita 4,000: kilowati 3.7 tu. Sasa nenda Nizwa, bara mbali na bahari, au subiri siku ambayo upepo mkavu wa bara, gharbi, unavuma hadi pwani. Hewa nyuzi 40, unyevu asilimia 15, kitambaa kinasoma 21. Maji yakipungua nyuzi 3 kwa mtiririko ule ule, ni kilowati 14, zaidi ya chila tuliyoijadili. Ndiyo maana ndugu aliyeko Phoenix, kule Arizona, atakwambia chemchemi peke yake inamtosha mwezi wa Juni, na wewe wa Seeb, pwani, ukimwiga unaishia kulaumu pampu. Hewa yake ni kavu, yako imebeba bahari.

Kwa pwani, basi, washa chemchemi kwa kufuata kitambaa na usifuate kalenda. Ikiwa tofauti kati ya bwawa na kitambaa ni chini ya nyuzi 4 au 5, acha, unapoteza umeme. Ikiwa kubwa, washa. Mara nyingi saa nzuri ni za kuelekea alfajiri.

Kasi nayo ina kipimo chake. Ndogo mno, maji yanatiririka kama mchirizi, uso wa kugusana na hewa ni mdogo. Kubwa mno, yanakuwa ukungu, upepo unayachukua hadi kwenye gari la jirani. Hayo yamepotea bila kupoza bwawa. Ongeza hadi matone yawe madogo lakini yote yaangukie ndani ya ukingo, simama hapo.

Baada ya wiki moja ya chemchemi, pima pH, kipimo cha uasidi wa maji. Itakuwa imepanda, kwa sababu kurusha maji kunatoa hewa ya ukaa iliyoyeyuka ndani yake. Usipoishusha, klorini inadhoofika na chokaa inaanza kujenga ukoko, kwanza kwenye matundu ya chemchemi, halafu ndani ya chila.

Juu moto, chini baridi

Mtu anaruka anasikia baridi miguuni na moto kifuani. Maji hayachanganyiki. Elekeza matundu ya kurudishia maji chini kidogo, fungua zaidi vali ya mfereji wa sakafuni, na usipunguze kasi ya pampu kiasi cha kuacha maji yajipange tabaka mchana kutwa. Hakuna zaidi ya hapo.

Asubuhi limepoa, saa tano limeshapata moto

Angalia bomba kwanza. Bomba la plastiki linalopita juu ya paa au juu ya zege bila kivuli ni hita ya jua, na kila saa ya mchana unayoendesha pampu kwa kasi unalipia kupasha bwawa joto. Lizike au lifunike. Kama chila ipo, hamishia kazi yake kubwa kuanzia saa mbili usiku hadi saa moja asubuhi, hewa ikiwa imepoa, maana mashine inatupa joto kwa urahisi zaidi. Mchana acha pampu kwa kasi ndogo ya kuchuja tu.

Mfuniko wa plastiki wenye viputo, ule wa buluu unaopitisha mwanga, uondoe msimu wote wa joto. Umetengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi. Unaingiza jua na kuzuia mvuke. Mfuniko mweupe usiopitisha mwanga, uliotandazwa mchana na kuondolewa usiku, huo unasaidia.

Bili imepanda, au bwawa limekuwa kijani baada ya kupunguza kasi

Haya mawili ni pande za tatizo moja. Pampu ya kawaida kwa umeme wa hezi 50 huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Ukiipunguza hadi nusu, mtiririko unabaki nusu, lakini umeme kwa hesabu unashuka hadi sehemu moja ya nane: ya wati 1,100 inaelekea 140. Mita itaonyesha juu kidogo ya hapo kwa kuwa mota na kidhibiti vina hasara zao, ila bado ni punguzo kubwa. Kuendesha saa 16 kwa nusu kasi ni maji yale yale ya saa 8 kwa kasi kamili, kwa gharama ndogo sana.

Watu wakishaonja hilo wanateremka hadi skima inaacha kuvuta majani, kifaa cha kutengeneza klorini kinajizima kwa kukosa mtiririko, na kwa maji ya nyuzi 34 mwani haungoji mwaliko. Kasi ya chini kabisa ni ile ambayo ukitupa kipande cha karatasi ya shashi juu ya maji, kinaelekea skima chenyewe. Chini ya hapo usiende. Maji yote ya bwawa yapite kwenye chujio walau mara moja kwa siku, na mara mbili kipindi cha joto kali.

Maji yanapungua kila siku

Chemchemi na jangwa vinakunywa, lakini usidhani. Jaza ndoo maji ya bwawa, iweke kwenye ngazi ya ndani ya bwawa maji yakiwa usawa mmoja ndani na nje, zima chemchemi, weka alama, ngoja saa 24 pampu ikiwa inazunguka. Ndoo na bwawa vikishuka sawa, ni mvuke. Bwawa likishuka zaidi, rudia saa 24 nyingine pampu ikiwa imezimwa: kama upotevu unapungua sana, anza kuchimba upande wa bomba za kurudishia maji, zile zenye presha.